JE, MZIKI ULIOKUJA NA GARI UNASTAHILI BEI YAKE?

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii hutumiwa kumsema mtu mwenye maneno mengi na akili kidogo, lakini leo nataka kuitumia kwa debe lenyewe, yaani spika ya gari. Hapa Machakos, ukisimama stendi ya matatu jioni utasikia madebe ya kila aina yakivuma, na kila kijana atakwambia ati gari bila mziki si gari. Siku hizi magari mengi ya mtumba kutoka Japani huja na mziki uliofungwa kiwandani, wenye jina kubwa kama vile Bose, JBL au Harman Kardon. Muuzaji naye huongeza bei kwa ajili ya jina hilo. Je, nyongeza hiyo yafaa kulipwa?

Swali hili halikunijia hivi hivi. Likizo ya Agosti mjomba wangu, ambaye hufanya kazi Nairobi na kurudi Machakos kila jioni, alikuwa amechanga pesa za kununua gari. Yadi aliyoiendea ilimwonyesha magari mawili ya aina moja na ya mwaka mmoja. La kwanza lilikuwa na redio ya kawaida. La pili lilikuwa na spika tisa zenye jina, na bei yake ilizidi ya lile la kwanza kwa shilingi 70,000. Kwetu nyumbani hizo si pesa za mchezo. Ni karo ya mwaka mzima ya mtoto wa bweni, na chenji inabaki. Mama akanigeukia, "Si wewe ndiye husoma fizikia? Msaidie mjomba wako." Basi nikashika kalamu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tujue kinachouzwa. Redio ya gari si kitu kipya. Mwaka wa 1930, kampuni ya Paul Galvin huko Marekani ilianza kuuza redio za gari kwa jina la Motorola. Amar Bose, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha MIT, alishirikiana na kampuni ya General Motors kutengeneza mfumo wa sauti uliopimwa kwa ajili ya gari moja mahususi, na mfumo huo ukatokea katika magari ya mwaka wa 1983, likiwemo Cadillac Seville. Wazo lake ndilo linalouzwa hadi leo. Gari ni chumba kibaya cha kusikilizia mziki: vioo hurudisha sauti, viti huimeza, na dereva huketi karibu na spika moja kuliko nyingine. Kiwandani, mafundi huipima sauti ndani ya gari lenyewe, kisha huirekebisha ili ifae chumba hicho. Kwa hakika hiyo ni kazi ya maana, na fundi wa mjini hawezi kuifanya kwa urahisi.

Hata hivyo, jina lisikutie kiwewe. JBL, Harman Kardon, Infinity na Mark Levinson yote ni majina ya kampuni moja, Harman, ambayo Samsung ya Korea Kusini iliinunua mwaka wa 2017. Kwa hivyo wanaobishana yupi mkali kati ya JBL na Harman Kardon huenda wanabishania watoto wa mama mmoja. Kilicho muhimu ni namna mfumo ulivyofungwa katika gari unalolitazama. Nami napendekeza mitihani minne.

Mtihani wa kwanza ni wa redio, na hapa wengi huanguka. Kenya hutangaza FM kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani ilianzia 76 ikaishia 90, kwa sababu masafa ya juu ya hapo yalitumiwa na televisheni. Televisheni hizo za zamani zilipozimwa, kuanzia mwaka wa 2011, redio ziliongezewa nafasi hadi 95. Sasa fikiria: Capital FM iko 98.4, Kiss 100.3 na Radio Citizen 106.7 katika masafa ya Nairobi. Redio ya Japani inayoishia 90 haizifikii hata moja! Unaweza kuwa na spika tisa za kifalme na usisikie taarifa ya habari ya saa moja.

Mafundi wetu hutibu ugonjwa huu kwa kidude kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio ili kushusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 20, basi 98.4 utaipata kwenye 78.4, na 106.7 utaipata kwenye 86.7. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Redio inayosoma 76 hadi 90 itakupa stesheni za 96 hadi 110 pekee, na zote zilizo chini ya 96 utazikosa. Fauka ya hayo, kidude cha bei duni huleta mikwaruzo. Redio ya kawaida unaweza kuing'oa ukaweka nyingine inayofaa Kenya. Ile ya jina kubwa mara nyingi imeunganishwa na amplifaya yake na skrini ya gari, tena skrini yenyewe inaongea Kijapani. Kuing'oa ni kazi, na pengine utaipoteza sauti uliyoinunua.

Mtihani wa pili ni wa nguvu. Wauzaji hupenda kutaja wati: mia tano, elfu moja! Wanafunzi wenzangu, tumefundishwa kwamba nguvu ni volti mara ampea. Betri ya gari ni volti 12, na injini ikinguruma hufika kama 14. Ukikuta amplifaya ina fyuzi ya ampea 10, basi haiwezi kuvuta zaidi ya wati 140 kwa mfululizo, hata karatasi iseme nini. Tena si kila wati inasikika. Ukiongeza nguvu maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu lazima iongezwe karibu mara kumi. Kwa hivyo wati nyingi si hoja kubwa.

Mtihani wa tatu: sikiliza gari likitembea. Yadini injini imezimwa, madirisha yamefungwa na muuzaji amechagua wimbo mwenyewe. Hapo hata redio ya kawaida itakuvutia. Omba kuliendesha barabarani, mahali penye malori, na ucheze wimbo unaoujua kwa moyo. Sauti ya mwimbaji inatoka mbele yako, au inatoka magotini? Besi inapiga safi, au mlango ndio unaotetemeka? Punguza sauti: maneno bado yanaeleweka? Baadhi ya mifumo ya Bose ina maikrofoni ndani ya gari inayosikiliza kelele za barabara na kurekebisha mziki ipasavyo. Kwa mtu anayesafiri kila siku kutoka Machakos kupitia Kyumvi hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 60 kwenda tu, hilo lina faida ya kweli.

Mtihani wa nne ni wa uzee. Sheria yetu huruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka minane, kwa hivyo spika unazonunua huenda zimepigwa jua kwa miaka saba. Kagua kila spika peke yake kwa kuhamisha sauti kushoto, kulia, mbele na nyuma. Ikiwa moja imekufa, ujue kwamba spika nyingi za mifumo hii zina ukinzani mdogo kuliko zile za omu 4 zinazouzwa madukani, kwa hivyo huwezi kuchomeka yoyote tu. Uliza bei ya amplifaya yake kabla ya kununua gari, usingoje iungue.

Naomba niseme neno juu ya masikio pia, maana hayana spea. Wataalamu wa afya kazini hushauri kwamba mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo ukatwe nusu. Kwa desibeli 100 unabakiwa na dakika 15. Sifa ya mziki mzuri ni kwamba unausikia vyema ukiwa chini. Masikio yakipiga kengele baada ya kushuka kwenye matatu, hayo ni malalamiko yake.

Sasa uamuzi. Nilimkalisha mjomba nikamwuliza husikiliza nini njiani. Akasema habari, mahubiri ya asubuhi na stesheni ya Kikamba. Lile gari la spika tisa lilikuwa na redio inayoishia 90. Hapo jibu likajitokeza lenyewe: alichukua la kawaida, akabadilisha redio, akanunua na matairi manne mapya, na pesa zikabaki. Lakini mpenda mziki anayecheza nyimbo zake kwa simu, na anayekaa barabarani saa tatu kila siku, angeweza kulipa nyongeza hiyo bila kujuta, mradi mitihani yote minne ipite.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, siku yako ya kununua gari ikifika, usiulize mziki huu unaitwaje. Uliza unashika stesheni zipi, unasikika vipi barabarani, utatengenezwa na nani ukiharibika, na shilingi ulizoongezewa zingefanya kazi gani nyingine nyumbani. Ukipata majibu, lipa au ondoka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.