Malio ya Kiko

Wajukuu zangu, sogeeni. Leo nawasimulia habari ya kifuu cha nazi, na nitaanzia hapahapa Tumbi, nyuma ya jiko, ambako vifuu vya jana bado vimelala kando ya mbuzi. Sisi watu wa Pwani tunavijua vifuu kwa kazi nyingi: kata ya kuchotea maji, upawa, kuni za haraka. Wazee walikuwa na kazi nyingine tena.

Walichukua kifuu kizima, kisichopasuliwa, wakakitoboa, wakaondoa nyama yote ya ndani, wakatia maji kiasi. Kwenye tundu moja walisimika mrija ulioitwa digali, na juu ya digali wakaweka bori, kikombe kidogo cha kutilia tumbaku na kaa la moto. Mrija wa pili, uliokwenda mdomoni, uliitwa mdakale. Kifuu chenyewe chenye maji ndicho kilichokuwa kiko. Mtu akivuta, moshi ulishuka kwenye digali ukapenya majini, na maji yakagugumia. Hata mgugumio ule ulikuwa na jina lake: malio ya kiko. Bara, ambako minazi ni adimu, kibuyu kilishika nafasi ya kifuu. Majina haya utayakuta katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939.

Sasa leteni ile picha mliyonionyesha kwenye simu. Naona chombo kirefu cha kioo, mpira mrefu wenye nakshi, na vijana waliokizunguka. Mnakiita shisha, na mnaniambia ni mambo mapya ya mjini. Kitazameni tena, polepole. Kikombe cha juu chenye mkaa ni bori. Bomba la katikati ni digali. Chupa ya maji ni kiko. Mpira ni mdakale. Kila kiungo chake babu zenu walikuwa na jina lake.

Na majina ya ugenini nayo yana hadithi. Shisha limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya kioo. Huka ya Wahindi imetoka kwenye Kiarabu, ikimaanisha kijikasha au kikopo. Lakini ninalolipenda mimi ni nargile, neno la Waturuki na la Waarabu wa Shamu, kwa sababu asili yake ni nargil, yaani nazi! Huko Istanbul, mji wa baridi usio na minazi, watu wameketi mikahawani kwa karne kadhaa wakivuta kioo na kukiita nazi. Neno limekumbuka kifuu hata baada ya mikono kukisahau.

Tumbaku yenyewe asili yake si kwetu wala Uarabuni. Kwao ni Amerika, na Wareno walikuwa miongoni mwa walioisambaza huku Mashariki. Mnamo 1604 hivi, mjumbe aitwaye Asad Beg alirudi kutoka kusini mwa India akiwa na tumbaku na kiko cha fahari, akamtunukia mfalme Akbar wa India. Akbar akavuta mara mbili tatu. Tabibu wake akamzuia asiendelee, akisema dawa hiyo haijapimwa. Wahindi husimulia pia kwamba tabibu mwingine, Abul Fath Gilani, ndiye aliyebuni kupitisha moshi majini ili usafike. Hapo msikilizaji mzuri ahesabu miaka: Gilani alifariki 1589, wakati tumbaku ya Asad Beg ilikuwa haijafika. Hadithi hiyo naipokea kwa tahadhari. Wazo lililo ndani yake, kwamba maji yanausafisha moshi, ndilo lililosafiri mbali kuliko chombo chenyewe, na nitalirudia.

Wafalme walijaribu kuizuia tumbaku. Jahangir, mwana wa Akbar, aliikataza mwaka 1617. Sultani Murad wa Nne wa Uturuki aliikataza 1633, na adhabu yake ilikuwa kifo. Watu waliendelea kuvuta. Lakini sikieni lililotokea Iran. Mwaka 1890 Shah Naser al-Din alimpa Mwingereza mmoja, Meja Talbot, haki ya pekee ya kununua na kuuza tumbaku yote ya nchi kwa miaka 50. Mkulima asingeweza tena kumuuzia jirani yake. Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la mwanachuoni Mirza Hasan Shirazi: kuvuta tumbaku ni haramu. Maduka yakafungwa, viko vikawekwa chini nchi nzima. Hata katika jumba la Shah mwenyewe, wanawake na watumishi wakakataa kumtayarishia kiko. Januari 1892 mkataba ukafutwa. Watu waliopenda kiko kuliko wote walikiacha kwa pamoja, kwa hiari yao, na wakashinda. Kila nikiikumbuka habari hii moyo wangu hufurahi.

Shisha ya kwenye simu yenu ina jambo moja ambalo kiko cha wazee hakikuwa nalo. Tumbaku yake hulowekwa katika utamu na harufu ya matunda. Waarabu huiita muassal, na ndani ya neno hilo mnaisikia asali yetu. Miaka ya 1990 tumbaku hiyo ilienea kutoka Misri na nchi jirani, ikawavuta vijana wa dunia nzima, maana haichomi koo.

Nyinyi ni watoto wa Pwani, mkaa mnaujua. Mnajua kwa nini mama hakubali jiko la mkaa liachwe ndani ya chumba kilichofungwa usiku. Hewa ile yenye sumu hutoka pia kwenye mkaa wa shisha, na maji hayaizuii. Maji huupoza moshi, na moshi uliopoa huvutwa ndani zaidi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu akivuta shisha kwa saa moja anaweza kuingiza moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Julai 2016 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, aliipiga marufuku mkoani kwake. Rwanda na Kenya zikafuata Desemba 2017.

Mimi sitaki mmoja wenu aivute. Lakini kesho, mkimkuta mzee huko Maili Moja au Kisarawe, mpeni shikamoo, kisha mwulizeni: digali ni nini, bori ni nini, mdakale ni nini, na kiko kikilia kinasikikaje. Yaandikeni majibu yake kwenye daftari, mniletee.