Springi za Motokaa: Kuzikata kwa Salama

Daftari na kalamu ziwe tayari.

Huenda fundi wa Kibaha au Kisarawe akaombwa na mwenye gari amkatie springi, ili gari likae chini zaidi. Je, kazi hiyo hufanywaje bila ya kumwumiza mtu?

Springi ni chuma kigumu kilichozungushwa kama nyoka aliyejikunja. Hubeba uzito wa gari, tena hupokea vishindo vya njia. Ikiwa garini imebanwa, na nguvu nyingi imefungwa ndani yake. Ikifunguliwa ovyo huruka, na yaweza kumwua fundi. Basi, gari likae juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Springi ibanwe kwa vibanio vyake, ndipo itolewe. Kisha vibanio vilegezwe polepole. Msikate kamwe springi iliyobanwa.

Jambo la pili ni moto. Msikate springi kwa gesi ya kuchomelea. Chuma hicho kilipewa ugumu wake kiwandani, kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa gesi huuharibu ugumu huo. Springi hulegea, au huvunjika gari likiwa njiani. Tumieni mashine ya umeme yenye jiwe jembamba la kukatia. Vaeni miwani ya kukinga macho, na pumzikeni chuma kikianza kupata moto.

Jambo la tatu, kateni kidogo. Anzeni na nusu mzunguko, kushoto na kulia sawasawa, kisha rudisheni na kupima. Ncha iliyokatwa lazima ikae vizuri mahali pake. Ikiwa haikai, springi hiyo haifai. Wala msiunge springi kwa kuichomelea; kiungo kitavunjika.

Sasa hesabu ndogo. Springi ikikatwa huwa ngumu zaidi. Tuseme ina mizunguko 8 inayofanya kazi, nawe ukakata 2. Inabaki 6. Gawanya 8 kwa 6: ugumu umezidi kwa thuluthi moja. Gari litarusharusha abiria, na shokapu zitagonga mwisho wake.

Tena zikumbukeni njia zetu. Barabara kuu ya Morogoro ipitayo Kibaha ina matuta. Njia za udongo za vijijini Kisarawe huchimbika wakati wa mvua. Gari la chini sana hukwaruza tumbo lake, na bomba la breki laweza kupasuka. Kwa hiyo ni heri kununua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo hasa. Na kwa vyovyote, kazi ikiisha, pimeni magurudumu na taa, kisha jaribuni breki kwa mwendo mdogo.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini springi isikatwe kwa gesi?
2. Springi ya mizunguko 10 ikikatwa 2, ugumu huzidi kwa kiasi gani?
3. Je, njia ya kijijini kwenu inafaa gari la chini?