Ng'ombe wa Kiborana na Jua la Oktoba

Mtu apitaye chini ya milima ya Matogoro mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, aweza kuona jambo lisilohitaji mwalimu wa kulieleza. Saa saba mchana ng'ombe wa damu ya Ulaya amesimama chini ya mwembe, anahema. Ng'ombe mwenye nundu yuko kule juani, anakula.

Sababu yajulikana. Joto la mwili wa ng'ombe mzima ni kadiri ya digrii 38.5, naye hana budi kulishika hapo hapo. Ng'ombe wa Ulaya, ambaye mwili wake huzaa joto jingi, jua likizidi hupunguza kula. Na asiyekula hanenepi. Mwenye nundu ana manyoya mafupi ya kung'aa, na ngozi pana inayoning'inia shingoni, tena hutoa jasho vizuri.

Katika jamaa hiyo ya nundu twataka kumsifu mmoja, ndiye ng'ombe wa Kiborana. Jina lake limetoka kwa Waborana, wafugaji wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, waliomchagua kwa vizazi vingi katika nchi ya ukame. Baadaye wenye mashamba makubwa ya Kenya walimwendeleza kwa ajili ya nyama, na mwaka 1951 wakaunda chama cha kuitunza mbegu yake. Kwetu Tanzania afugwa Kongwa, katika ranchi ya Taifa, nchi ile ile ambamo mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulishindwa vibaya. Karanga ziliikataa nchi ile, ng'ombe wakaikubali.

Fahali wa Kiborana aliyetunzwa vema hupita kilo 500, na wako wanaopita sana. Jike wetu wa kienyeji mara nyingi hafiki kilo 300. Labda mtu ataogopa kumpandisha jike mdogo kwa fahali mkubwa hivyo. Lakini ndama wa Kiborana huzaliwa mdogo, kama kilo 25 hadi 30, ndipo hukua upesi akinyonya. Kwa hiyo kuzaa si taabu kubwa. Basi hatusemi muuze ng'ombe wenu wote mkaanze upya. Nyumba tatu au nne za majirani zaweza kuchanga fedha na kununua fahali mmoja, na baada ya miaka mitatu hivi wambadilishe, asije akawapanda binti zake mwenyewe.

Kwa watu wa Matogoro iko sababu nyingine. Milima hii ndiyo chanzo cha mto Ruvuma, na kwato nyingi zikiingia msituni chemchemi huharibika. Ng'ombe wanane wazito, walishwao nyumbani mabua ya mahindi yaliyowekwa tangu mavuno, wana faida kuliko ishirini wakonde wanaotafuta majani mlimani. Twajua baba wa nyumba ataona haya kupunguza zizi lake, kwa maana wingi ulikuwa heshima tangu zamani. Tena ni kweli kwamba ng'ombe mkubwa hula zaidi kuliko mdogo. Asiyeweka mabua asimlaumu fahali akikonda.

Lakini kuvumilia jua si kuvumilia kila kitu, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe, waweza kumwua Mborana aliyetoka mahali pasipo ugonjwa huo, hali ng'ombe wa kienyeji aliyezaliwa penye kupe husimama. Kwa upande wa Namtumbo na Tunduru wako mbung'o pia, ambao huleta nagana, naye Mborana hana kinga ya kutosha juu yake. Basi mnunuzi aulize fahali ametoka wapi, na kama amechanjwa ndigana kali, maana chanjo ipo. Tena amwite bwana mifugo amtazame kabla fedha hazijatolewa. Na kama hakuna josho karibu, majirani wanunue kwanza bomba la kunyunyizia dawa, wazoee kulitumia kila juma kwa ng'ombe walio nao. Fahali aje baada ya hapo, mvua zikiwa zimeotesha majani, asifike Oktoba akiwa mgeni.