Kinda wa Ndege Aliyeanguka

Mvua za masika zikiisha kunyesha na wadudu wakazidi mashambani, ndege wengi wa nchi zetu hujenga viota na kuzaa. Ndio wakati watoto wetu hurudi nyumbani, au huingia darasani, wakiwa wameficha kitu kifuani mwa shati. Ni kinda wa ndege. Wamemwona chini ya mnazi au chini ya upenu wa kanisa, amepanua kinywa, nao wakamhurumia. Basi baba au mwalimu huulizwa, Tumpe nini ale? Sisi twaona swali hilo si la kwanza. La kwanza ni hili: mamaye yuko wapi?

Kwa maana wengi katika makinda waitwao yatima si yatima. Mtazame shomoro, ambaye kila mtu amjua. Kinda wake hukaa kiotani kama majuma mawili tu tangu kuanguliwa, kisha hutoka kabla hajajua kuruka vema. Kwa siku kadha wa kadha hurukaruka chini na vichakani, mkia wake ukiwa mfupi bado na pembe za mdomo zikiwa za manjano, na wazazi wake humfuata huko huko na kumlisha. Mtu apitaye humwona peke yake, kwa sababu wazazi wamwonapo mtu hujitenga. Akimchukua, hakumwokoa, amemwiba, na punde mamaye atarudi na panzi mdomoni asimwone wa kumpa.

Kwa hiyo kinda aliyekwisha kuota manyoya, naye asimama kwa miguu yake, aachwe. Kama yuko njiani pa kukanyagwa, ahamishwe hatua chache mpaka kichakani. Paka wa nyumba afungiwe ndani. Watoto wakae mbali, wanyamaze, watazame kwa saa moja au mbili. Na mara nyingi watamwona mama akija, nayo itakuwa furaha kubwa kwao kuliko kumshika mkononi. Makinda wa kware na kanga ni vivyo hivyo, na zaidi, maana hao hutembea tangu siku ya kuanguliwa, na mama yao huwa amejificha karibu katika majani.

Aliye uchi, au mwenye vinyweleo tu, huyo ni habari nyingine. Huyo ameanguka kweli, na mahali pake ni kiotani. Arudishwe. Wako watu wasemao kwamba kinda akiisha kuguswa na mkono wa mtu, mamaye humkataa kwa sababu ya harufu. Neno hilo limewaua makinda wengi, wala si kweli. Ndege hawawachukii watoto wao kwa kuguswa mara moja. Kiota cha mnana kikikatika pamoja na kuti, kifungwe chenyewe kwa ukambaa katika tawi la mti ule ule, mlango wake ukielekea chini kama ulivyokuwa. Kiota cha udongo cha mbayuwayu kikibomoka, kipigiliwe kifuu cha nazi mahali pale pale chini ya upenu, kimetobolewa chini na kutiwa nyasi kavu. Huko pwani yafaa kifuu kifichike, kwa ajili ya kunguru wa Bara Hindi. Ndege hao waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakaenea mpaka bara, na kiota kilicho wazi kwao ni chakula kilichoandaliwa.

(Pengine kinda hakuanguka, bali alisukumwa. Yuko kekeo mmoja azoeaye kutaga katika viota vya mnana, na kinda wake huwatupa nje watoto wa mwenye nyumba ili ale peke yake. Hapo kurudisha hakufai kitu, kwa maana atasukumwa tena.)

Sasa twaja kwa yatima wa kweli. Na hapa twataka kusema na waalimu. Nani huwafanya kuwa yatima? Mwewe huua, na nyoka, na mvua. Lakini jirani na shule zetu, ndege wengi wazaao huuawa kwa manati na kwa ulimbo, na wauaji ni wavulana wetu wenyewe. Mvulana ampigapo tetere juu ya kiota hupata nyama ya kutosha tonge mbili. Walio kiotani hufa kwa baridi na njaa asiwaone. Torati ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilimkataza mtu aliyekuta kiota kumchukua mama pamoja na makinda. Ilimpasa amwache mama aende zake. Mwalimu aisome sura hiyo darasani majira ya viota, kisha aulize ni manati ngapi zimo mifukoni.

Kama wazazi wamekufa hakika, au wamengojewa kutwa nzima wasionekane, mchukue kinda. Jambo la kwanza ni joto, si chakula. Kinda aliye baridi akilishwa hufa, kwa kuwa tumbo lake halifanyi kazi. Mtie katika kikapu kidogo au sanduku lenye kitambaa laini, karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa nguo, mahali pa giza na kimya, hata ukimgusa umwone ana moto kuliko mkono wako.

Maji usimmiminie kinywani kamwe. Tundu la pumzi la ndege liko nyuma ya ulimi, na tone moja laweza kumsonga. Maziwa ya ng'ombe na mkate usimpe pia. Makinda karibu wote hulishwa wadudu, hata wale ambao wazee wao hula nafaka. Basi mtafutie panzi waliotolewa miguu, na kumbikumbi, na kiini cha yai lililochemshwa kikalainishwa kwa maji. Mpe vipande vidogo kwa ncha ya kijiti butu, kila nusu saa kwa aliye uchi, kila saa au zaidi kwa mwenye manyoya, tangu mapambazuko hata magharibi. Ni kazi kweli kweli, na nyumba isiyoiweza isianze. Tetere na njiwa wana desturi yao: hawapanui kinywa, bali huingiza mdomo ndani ya kinywa cha mzazi na kunywa maziwa yatokayo katika gole lake. Hao ni wagumu kuliko wote kuwalea.

Nawa mikono kwa sabuni kila umshikapo, wala usimweke pamoja na kuku, wasije wakaambukizana kideri. Ukikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja, usiguse hata mmoja. Mwite bwana mifugo.

Yafaa wazazi wajue pia kwamba sheria za wanyamapori, ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013, hazimpi mtu ruhusa ya kujifugia mnyama wa porini atakavyo pasipo kibali. Kinda huyu ni mgeni, si mali. Asipewe jina, asizoezwe kukaa begani, asitembezwe kijijini kuonyeshwa watu.

Wengi watakufa hata wakitunzwa vema, na mtoto atalia. Asichekwe. Bwana wetu alipotaja shomoro, ndege wa bei ndogo sokoni, hakusema kwamba hawaanguki. Alisema Baba yu pamoja nao waangukapo. Mtoto na amzike kinda wake bustanini.

Aliyepona asiachiliwe mpaka ajue kuruka toka ukuta hata ukuta na kuokota chakula chake mwenyewe. Siku hiyo iwe asubuhi, bila mvua, na sahani ya wadudu iwekwe nje karibu na dirisha. Wengine hurudi siku mbili tatu kuomba, kisha huonekana mara chache, kisha hawaonekani tena. Watoto waambiwe hayo mapema, kabla dirisha halijafunguliwa.