Barafu mlangoni: usimwage maji ya moto
Mama uliye Minnesota, asubuhi ukiona njia ya mlangoni inang'aa kama imelowa, usidhani ni maji tu. Huenda ni barafu nyembamba. Maji ya moto hayasaidii, yataganda tena na kuteleza zaidi. Ondoa theluji kwa koleo ingali laini, kisha nyunyiza chumvi ya barafu, kidogo tu. Kikombe kikubwa cha kahawa hutosha vipande 10 vya njia ya zege. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti, chumvi ya kawaida karibu haiyeyushi kitu. Hapo mwaga mchanga, miguu ishike. Mtoto mwache ndani na mtu mzima, usimbebe mgongoni: ukianguka, mnaanguka wote. Chumvi hiyo pia ifungie mbali naye. Akiila ni hatari.