Miguu Iliyolala Bado Yaweza Kufanya Kazi

Yapo maradhi yawezayo kumwangusha mtu mwenye nguvu zake katika muda wa saa chache tu. Asubuhi huamka na ganzi nyayoni; jioni miguu haimchukui tena; kesho yake hata haja ndogo haitoki bila msaada. Hakuanguka mnazini, wala hakugongwa na gari. Majirani hunong'ona kwamba amerogwa. Kumbe kilichovimba ni ugwe wa mgongo, yaani ile kamba laini ipitayo ndani ya uti wa mgongo na kuchukua amri za ubongo mpaka viungoni. Kamba hiyo ikivimba, amri hukwama njiani, kama barua iliyofika mtoni ikakuta daraja limekatika.

Ugonjwa huu si wa kila siku. Matabibu hukadiria kwamba kila mwaka huwapata watu 1 hadi 8 katika kila watu milioni moja, na wengi wao ni vijana na watu walio katika umri wa kazi. Sababu zake ni nyingi. Pengine askari wa mwili, wakiisha kupigana na homa, hupotewa na njia wakaushambulia ugwe wenyewe. Pengine ni kifua kikuu. Na sisi tuishio karibu na maziwa na mashamba ya mpunga yatupasa kujua kwamba hata kichocho, mara chache, huweza kupeleka mayai yake mpaka kwenye ugwe na kuuvimbisha.

Mgonjwa akiwahi hospitali hupewa dawa kali za kutuliza uvimbe, na za kuua kichocho ikiwa ndicho chanzo. Baada ya hapo, kwa kukadiria, theluthi moja ya wagonjwa hurudia hali njema, theluthi hubaki na upungufu wa kiasi, na theluthi hubaki na ulemavu mkubwa. Ni habari za theluthi mbili hizo tutakazo kuzisema leo. Kwa maana aghalabu dawa zikiisha, hata na uangalizi huisha. Mtu hupelekwa nyumbani, hulazwa kitandani, na watu wote hungojea miguu iamke yenyewe.

Kungojea huko ni hasara kubwa. Msuli usiofanya kazi huanza kunywea katika wiki chache. Mfupa usiobeba uzito hupungua madini yake ukawa mwepesi kuvunjika. Viungo hukakamaa, damu huenda polepole, na matako na visigino hutoka vidonda vya kulalia. Walio wengi hawauawi na uvimbe wenyewe. Huuawa na vidonda hivyo, na kwa uchafu wa kibofu, baada ya miezi au miaka. Tena, hata neva zikija kupona kidogo, zitakuta msuli uliokwisha kuoza kwa uvivu. Bwana kiwanda arudipo na kukuta mitambo imeliwa na kutu, afanye kazi gani?

Ndipo ilipotokea mashine tunayotaka kuieleza. Ni baiskeli isiyokwenda mahali, iliyounganishwa na chombo cha kutoa umeme mdogo sana. Mgonjwa hubaki kitini mwake, kiti cha magurudumu, na miguu yake hufungwa kwenye pedali. Vibandiko hutiwa juu ya ngozi ya mapaja, mbele na nyuma, na matakoni. Kisha chombo hupeleka mapigo ya umeme, kama 30 hadi 50 kwa kila sekunde, yakaigusa mishipa ya fahamu iendayo kwenye misuli. Chombo hujua pedali imefika wapi, nacho huiamsha misuli kwa zamu: huu sasa, ule baadaye. Misuli ya mtu mwenyewe hukaza, na pedali huzunguka. Si mota imchukuaye. Ni miguu yake ifanyayo kazi, ingawa amri haikutoka kichwani.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alitangaza jinsi miguu ya chura mfu ilivyorukaruka ilipoguswa na umeme. Mwaka 1961 Wladimir Liberson alieleza kifaa cha kuinua mguu wa mtu aliyepooza upande. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jerrold Petrofsky na wenzake, huko Dayton, Ohio, Marekani, waliunganisha umeme huo na kompyuta ili miguu iliyopooza ipige pedali. Mwaka 1983 mwanafunzi wao Nan Davis, aliyepooza kwa ajali ya gari, alitembea hatua chache kupokea shahada yake, akishikwa mikono. Watu walilia kwa furaha. Lakini tuseme kweli: hakuwa amepona, umeme ulipozimwa, miguu ililala tena.

Mwingine ni Christopher Reeve, mcheza sinema, aliyeanguka farasini mwaka 1995 akavunjika shingo. Alifanya mazoezi ya baiskeli hiyo pamoja na mengine, na mwaka 2002 tabibu wake John McDonald na wenzake walieleza kwamba misuli na mifupa yake iliongezeka, na kwamba, miaka mitano na zaidi baada ya ajali, alianza kupata tena fahamu na mwendo kidogo. Reeve alifariki mwaka 2004 bila kutembea. Habari ya mtu mmoja haiwi sheria. Lakini ilivunja ule usemi wa kwamba baada ya mwaka wa kwanza hapana la kufanya. Leo kituo cha Kennedy Krieger cha Baltimore, kilichofungua idara ya ugwe wa mgongo mwaka 2005, huwatumia baiskeli hizi watu wazima na watoto, na miongoni mwao wamo waliovimba ugwe.

Basi tupime faida na mipaka. Uchunguzi mwingi ulifanywa kwa watu waliovunjika; wa uvimbe wamechunguzwa wachache. Lililo wazi ni kwamba misuli hunenepa na damu hutembea vema. Nguvu itokayo ni ndogo: wati 10 hadi 20 hivi, ambapo mfanyakazi mwenye afya hutoa 100 bila taabu kubwa. Na haifai kwa kila mtu. Umeme huu hupitia neva ya chini. Neva hiyo ikifa, msuli hauitiki. Uvimbe wa kichocho aghalabu hushika mwisho wa ugwe, zilipo chembe za neva hizo. Kwa hiyo tabibu hana budi kujaribu msuli kwanza. Aliyeumia juu ya kifua huweza kupandwa na damu ghafla kwa hatari. Mwenye mfupa mwepesi huweza kuvunjika. Na asije fundi wa mtaani akadhani waya wa nyumbani utafanya kazi ileile. Huo ni mauti.

Mashine moja huuzwa kwa maelfu mengi ya dola. Je, tuiache kwa matajiri? Tupige hesabu. Mgonjwa huitumia mara 3 kwa wiki. Ikichukua saa moja kila mara pamoja na matayarisho, na ikifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 5, itatoa zamu 40. Yaani yaweza kuhudumia watu 13 kila wiki, mwaka hata mwaka. Katika hospitali kubwa, hiyo si anasa.

Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Mashine hiyo inatufundisha kanuni iliyo kubwa kuliko mashine: kiungo kisichotumiwa hupotea. Kanuni hiyo haihitaji dola. Hakuna mgonjwa wa ugwe apaswaye kutoka wodini kabla jamaa zake hawajafundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumnyoosha magoti na vifundo kila siku, kumsimamisha kwa msaada, na kukitoa kibofu mkojo kwa usafi. Na kila wilaya yapasa iwe na mtaalamu wa viungo wa kuwafuata majumbani kuona kama yafanyika.

Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini kusaidiwa. Mfanyakazi aliyepooza naye amerudi nyumbani. Kumtazama tu akinyong'onyea si msaada. Tumfanyishe kazi misuli yake tangu wiki ya kwanza, kwa mikono yetu ikiwa hapana mashine, na kwa mashine siku itakapopatikana, ili ikiwa ugwe utapona hata kidogo, ukute mwili ungali tayari kupokea amri.