Chuma Kinapojifanya Koili

Tumbukiza kipande cha chuma katika asidi ya salfuriki, kipe volteji inayopanda na kushuka kwa milivolti chache, kisha pima mkondo unaopita. Anza na mawimbi laki moja kwa sekunde, ushuke hadi wimbi moja kwa sekunde 100. Uwiano wa volteji na mkondo katika kila hatua ndio impedansi: ukinzani unaohesabu pia kuchelewa au kutangulia kwa mkondo.

Kwenye grafu hutokea kwanza nusu duara. Hiyo haina utata: chaji hujipanga mpakani mwa chuma na asidi kama kwenye kapasita, huku elektroni zikivuka kwa ukinzani fulani. Ajabu huja kwenye masafa madogo. Mchoro huvuka mstari wa mlalo na kujikunja kitanzi upande wa koili, ingawa chomboni hamna waya uliosokotwa.

Israel Epelboin, Michel Keddam na wenzao mjini Paris walilifumbua fumbo hilo. Chuma hakiyeyuki kwa hatua moja. Atomi hutoa elektroni ya kwanza, ikabaki imenata usoni pamoja na hidroksidi kama kiungo cha mpito. Baadaye hutoa ya pili na kuingia kwenye asidi ikiwa ayoni. Volteji ikipanda, elektroni huitikia papo hapo, lakini eneo lililofunikwa na kiungo hicho hupanuka polepole, na kadiri linavyopanuka ndivyo chuma kinavyozidi kuyeyuka. Mkondo basi hubaki nyuma ya volteji, na hiyo ndiyo tabia ya koili. Wimbi likienda kasi, eneo hilo halipati muda wa kubadilika, kwa hiyo kitanzi hakionekani. Kama kiungo kingekuwa cha kuziba uso, lingetokea tao la pili upande wa kapasita.

Kwa anayepima kutu, tofauti kati ya kitanzi na nusu duara ina uzito. Ukinzani unaosomwa mwisho wa kitanzi ni mdogo kuliko ule wa mwisho wa nusu duara, na ukinzani mdogo hutafsiriwa kuwa kutu inayokwenda kasi. Mwaka 1972 Epelboin, Keddam na Takenouti walionyesha kuwa, kwa chuma kwenye asidi, ule wa nusu duara ndio unaolingana zaidi na kasi halisi ya ulikaji.

Tahadhari moja: sampuli inayobadilika wakati wa kipimo huweza kuzaa kitanzi cha uongo. Rudia kipimo kwanza. Kitanzi kikijirudia, andika hatua za mmenyuko kabla ya kuchora koili kwenye sakiti ya mfano.